Kupepeta Galaksi: Namna ya Kuchagua cha Kuchunguza Katika Elite Dangerous

Galaksi ya Elite Dangerous, mchezo wa video wa urubani wa anga uliotolewa Desemba 2014 na kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge nchini Uingereza, ina mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400, kwa sababu watengenezaji wake walikusudia kuiga galaksi yetu kwa ukubwa wake halisi. Rubani ambaye angetazama mfumo mmoja kila sekunde, bila kula wala kulala, angehitaji zaidi ya miaka 12,600 kuimaliza. Wachezaji wote kwa pamoja, kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, hawajafikia hata asilimia moja yake. Naanza na hesabu hii kwa sababu nimeona marubani wengi wapya wakichoka ndani ya wiki ya kwanza: husimama katika kila mfumo, huchunguza kila jiwe la barafu, na baada ya siku tano hujikuta hawajafika popote wala hawana walichokiona cha kusimulia.

Anayepepeta mchele hashiki punje moja moja. Huutikisa ungo, makapi yakapeperuka, kisha macho na vidole vyake hushughulika na kile kilichobaki tu. Uchunguzi wa kuchagua hufuata njia hiyo hiyo. Kwanza unachuja maeneo, kisha mifumo, kisha sayari, na mwisho kabisa ndipo unapochagua bonde la kutua. Kila hatua hutakiwa iondoe mengi kwa muda mfupi, ili saa zako zibaki kwa vichache vinavyostahili.

Kusudi la safari

Kabla ya kununua hata kifaa kimoja, andika kwenye karatasi ni kitu gani kitakachokusimamisha njiani. Kuna anayetafuta fedha, kuna anayetaka jina lake libaki kwenye sayari kama mgunduzi wa kwanza, kuna anayetaka kuona mambo adimu kama shimo jeusi lenye sayari zinazolizunguka, na kuna anayetaka tu kufika mbali, kwa mfano Beagle Point, iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 65,000 kutoka kwenye Jua letu. Malengo haya manne yanavutana. Anayetaka umbali hawezi kusimama kila baada ya mruko mmoja, na anayetaka fedha hana sababu ya kuvuka nusu ya galaksi, kwa kuwa sayari zenye thamani zinapatikana hata miaka ya nuru 2,000 tu kutoka nyumbani. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, na katika mchezo huu hukosa huko huonekana upesi: safari ya wiki mbili hugeuka kuwa ya miezi mitatu, kisha huachwa katikati.

Kikaratasi changu cha safari ya karibuni kilikuwa na mistari minne. Wa kwanza ulisema kwamba sayari ya mfano wa Dunia nitaisimamia popote ilipo ndani ya mfumo. Wa pili ulisema kwamba sayari ya maji au ya amonia nitaiendea ikiwa tu iko ndani ya sekunde za nuru 5,000 kutoka mahali ninapoingilia mfumo. Wa tatu ulisema kwamba sayari yenye metali nyingi, angahewa nyembamba na dalili 3 au zaidi za uhai nitatua juu yake. Wa nne ulikuwa na maneno mawili: vingine, pita. Mstari huo wa nne ndio mgumu kuliko yote kuutii, na ndio unaookoa safari. Uandike kwa mkono, uubandike karibu na kioo cha kompyuta, kwa sababu saa sita za usiku, ukiwa umechoka, kila pete ya barafu huonekana kana kwamba inakuita.

Eneo, na siri iliyo ndani ya jina

Njia zinazonyooka kutoka maeneo yanayokaliwa na watu kwenda Sagittarius A*, shimo jeusi lililo katikati ya galaksi umbali wa miaka ya nuru ipatayo 25,900, na zile zinazoelekea Colonia, makazi ya watu yaliyo umbali wa karibu miaka ya nuru 22,000, zimekanyagwa mno. Ukizifuata, utakuta majina ya watu wengine kwenye nyota moja baada ya nyingine. Huna haja ya kwenda mbali zaidi ili uyaepuke. Inatosha kupanda juu au kushuka chini ya bapa la galaksi kwa miaka ya nuru mia kadhaa hadi 1,000, kisha uendelee kuelekea kule kule ulikokusudia. Marubani wengi hupanga safari kwa kubofya mahali wanapokwenda na kuiachia ramani ichore mstari, kwa hiyo mstari huo ndio unaojaa nyayo. Usipande kupita kiasi, hata hivyo, kwa kuwa kadiri unavyolihama bapa nyota hupungua na zile kubwa huadimika.

Ukishachagua eneo, soma majina ya mifumo kabla ya kuiruka. Hapa ndipo ninapopenda kukaa, maana ni elimu ambayo wengi huipuuza ilhali ramani inaitoa bure. Chukua jina Eol Prou RS-T d3-94, ambalo ndilo jina la awali la mfumo unaoitwa leo Colonia. Eol Prou ni eneo pana. Herufi RS-T pamoja na tarakimu 3 huonyesha kisanduku fulani ndani ya eneo hilo, na 94 ni namba ya mfumo ndani ya kisanduku. Herufi ndogo, yaani d, ndiyo yenye habari kubwa, kwa sababu inaeleza daraja la uzito wa mfumo mzima. Madaraja huanzia a hadi h. Kisanduku cha daraja a kina upande wa miaka ya nuru 10 tu, cha b kina 20, cha c kina 40, cha d kina 80, na upana huendelea kujirudufu hivyo hadi h, ambacho upande wake ni miaka ya nuru 1,280 na hujaza eneo lote.

Maana yake kwa mchaguzi ni hii. Mifumo ya a na b mara nyingi ni nyota ndogo nyekundu na vibete vya kahawia, ambavyo haviwezi kukupa mafuta. Mifumo ya c huwa na nyota za K na M kwa wingi, pamoja na baadhi ya G (herufi kubwa hizi ni aina za nyota kwa joto lake). Mifumo ya d ndiyo shamba la nyota za F, G na hata A, zile ambazo kando yake sayari za maji na sayari zinazoweza kugeuzwa zikalike hupatikana kwa wingi zaidi. Kuanzia e kwenda juu utakutana na nyota nzito, nyota za nyutroni na mashimo meusi. Kwa hiyo, anayetafuta fedha kwa ramani za sayari akae kwenye d, na anayetafuta mashimo meusi aende moja kwa moja kwenye h. Kwa kuwa daraja h lina kisanduku kimoja tu kwa kila eneo, mifumo yake yote huandikwa AA-A. Ukiandika kwenye sehemu ya kutafutia ya ramani jina la eneo, kisha AA-A h na namba, ukawa unaibadilisha namba hiyo, utaipata mifumo mizito ya eneo zima bila kuruka hata mara moja. Namba ya mwisho nayo ina faida yake: ukiona namba ndefu, jua kwamba kisanduku hicho kina msongamano wa mifumo, na pengine hakuna aliyefika kwenye namba za juu.

Kusafiri kando, kuchunguza kando

Kosa ambalo hula muda kuliko mengine yote ni kuchanganya safari na uchunguzi. Ukiwa unavuka miaka ya nuru 15,000 ili ufike eneo ulilolichagua, vuka. Tumia nyota za nyutroni, ambazo ukipita kwa uangalifu ndani ya mkia wa mwanga unaotoka kwenye ncha zake, injini ya FSD, ile inayokurusha kutoka mfumo hadi mfumo, hupata nguvu ya kuruka mara 4 ya umbali wake wa kawaida. Vibete vyeupe navyo vinaongeza, lakini kwa nusu tu, na mikia yake ni ya hatari kuliko faida inayopatikana, kwa hiyo mimi huviacha. Kila unapojaza nguvu kwa njia hii FSD huharibika kidogo, na ndiyo sababu chombo cha safari ndefu hubeba kifaa cha kujitengeneza chenyewe. Mashabiki wametengeneza tovuti kama Spansh, ambazo hukupangia njia ya nyota za nyutroni kutoka mwanzo hadi mwisho. Zitumie kwa sehemu hii ya safari bila aibu.

Wakati wa kuvuka, ninajiruhusu kufanya jambo moja tu katika kila mfumo, nalo ni kupiga honi. Ndivyo wachezaji wanavyoiita skana ya ugunduzi, kwa sababu ya mlio wake mzito: unashikilia kitufe kwa sekunde chache, chombo kinanguruma, na mfumo unakuambia una miili mingapi. Hesabu hii ni nyepesi, haikucheleweshi, na inaingia kwenye daftari la chombo kama data ya kuuza baadaye.

Ukifika kwenye eneo lako, badilisha mwendo. Fungua ramani ya galaksi, weka kichujio cha aina ya nyota, ubakishe zile tu zinazoendana na lengo lako, kisha uiamuru ramani itumie kichujio hicho katika kupanga njia. Kwa sayari zinazokalika mimi hubakisha A, F, G na K. Zote hizi hutoa mafuta. Kwa ujumla, nyota zinazokujazia tangi ni za madaraja O, B, A, F, G, K na M. Nyingine zote, zikiwemo vibete vya kahawia vya L, T na Y, hazikupi hata tone. Ukiruka mara tatu au nne mfululizo katikati ya vibete vya kahawia bila kuangalia tangi, utabaki umekwama gizani, na hapo utawahitaji Fuel Rats, kundi la wachezaji wanaojitolea kuwapelekea wenzao mafuta popote walipo. Ni watu wema, lakini kwenye pembe za mbali huwachukua muda kukufikia.

Sekunde kumi za FSS

Tuseme umeingia kwenye mfumo wenye nyota ya G. Umepiga honi na umeambiwa kuna miili 23. Punguza mwendo wa chombo kabisa, ufungue FSS, skana inayokuonyesha miili ya mfumo mzima ukiwa mbali nayo. Mbele yako litatokea anga la samawati lenye madoa ya mwanga, na chini yake mstari mrefu wa masafa wenye vilima vidogo. Rubani mpya huanza papo hapo kulenga madoa, moja baada ya jingine, mpaka amalize 23. Wewe usiguse chochote. Tazama mstari ule.

Kila aina ya mwili ina mahali pake kwenye mstari na umbo lake la mawimbi. Miili midogo ya mawe na metali iko upande wa kushoto, na sayari kubwa za gesi ziko kulia kabisa. Sayari za mfano wa Dunia, za maji na za amonia zina sehemu yake, na baada ya jioni mbili tatu za mazoezi jicho lako litaitambua sehemu hiyo kama unavyotambua mwandiko wa ndugu yako. Sehemu hiyo ikiwa tambarare, hakuna sayari ya namna hiyo katika mfumo mzima, na umelijua hilo bila kukuza hata doa moja. Ikiwa ina kilima, peleka kipimo chako hapo, lenga, kuza, na utakuwa umeipata sayari yenye thamani kuliko nyingine zote kabla ya kushughulika na mawe.

Kuna jambo moja ambalo mstari hauwezi kukuambia. Sayari yenye metali nyingi inayoweza kugeuzwa ikalike huonekana sawasawa na dada yake isiyoweza, hadi uikuze. Tofauti ya thamani kati yao ni kubwa sana: ya kawaida hulipwa krediti zipatazo 14,000, na ile inayoweza kugeuzwa hulipwa zaidi ya 160,000 kwa kuonekana tu. Kwa hiyo katika mifumo ya A, F, G na K mimi hukuza sayari zote zenye metali nyingi zilizo katika umbali wa wastani kutoka kwenye nyota, mahali ambapo joto si kali wala baridi si kali, na kuziacha zile zilizoigusa nyota na zile zilizo pembezoni. Miezi ya barafu ya sayari za gesi, ambayo hulipwa krediti 500 kila mmoja, haina la kukulipa kwa dakika zako, isipokuwa kama lengo lako ni jina na unataka kila mwili wa mfumo uandikwe kwako. Hilo pia ni lengo halali. Alimradi uwe umeliandika kwenye karatasi.

Sayari ipi iendewe

Baada ya FSS linakuja swali la gharama kubwa zaidi, kwa kuwa kuifikia sayari na kuirushia vichunguzi vya DSS, skana inayochora ramani ya uso wake, huchukua dakika, na dakika hizo zinategemea umbali. Sayari iliyo sekunde za nuru 800 ni karibu. Iliyo 100,000 ni safari ya peke yake. Kituo cha Hutton Orbital, katika mfumo wa Alpha Centauri, kiko mwaka wa nuru 0.22 kutoka mahali pa kuingilia, na kwa injini ya kawaida mtu husafiri zaidi ya saa moja akitazama kioo kimoja. Ndiyo sababu mstari wangu wa pili una kikomo cha sekunde za nuru 5,000. Wewe unaweza kuweka 2,000 au 10,000. Muhimu ni kiwe kikomo kilichoandikwa, kwa maana ukiwa umeshaiona sayari ya buluu kwenye FSS, moyo wako hautakuwa hakimu mwaminifu.

Malipo yenyewe yanahalalisha kuchagua. Sayari ya mfano wa Dunia hulipwa krediti zipatazo 270,000 ukiiona tu, hupita milioni 1 ukiichorea ramani, na hufika karibu milioni 3 ikiwa wewe ndiye mgunduzi wa kwanza na mchoraji wa kwanza. Sayari ya maji inayoweza kugeuzwa haiko mbali sana na hapo, ile ya amonia hufuata nyuma kwa mwendo mrefu kidogo, na sayari ya mawe ya kawaida haifai kutajwa. Ukirusha vichunguzi, jitahidi usipite idadi ya ufanisi ambayo mchezo hukuonyesha, kwani ukiifikia unaongezewa robo. Siri yake ni kurusha kichunguzi cha kwanza katikati, na vinavyofuata kwa kuvipeleka nje ya ukingo wa sayari ili vizunguke na kuangukia upande wa nyuma. Pale unapoona kipimo kinakuambia kwamba utakosa, uko karibu sana na mahali sahihi.

Kutua kwa ajili ya uhai

Tangu nyongeza ya Odyssey ilipotoka Mei 2021, marubani wanaweza kutua kwenye sayari zenye angahewa nyembamba, kushuka kwa miguu na kuchukua sampuli za viumbe kwa ajili ya Vista Genomics, kampuni ya mchezoni inayozinunua. Sehemu hii imegeuza hesabu yote ya uchunguzi. Kiumbe kimoja kiitwacho Stratum Tectonicas hulipwa krediti 19,010,800, na ikiwa wewe ndiye wa kwanza kukisajili kwenye sayari hiyo, malipo huwa mara 5, yaani zaidi ya milioni 95. Linganisha na milioni 3 za sayari ya mfano wa Dunia, ndipo utaelewa kwa nini kipande cha mwamba chenye rangi ya kutu kinaweza kuwa cha maana kuliko bahari ya buluu.

Lakini kutua ndiko kunakokula muda kuliko kazi nyingine zote, hivyo chujio lake liwe kali. FSS hukuonyesha idadi ya dalili za uhai za kila sayari, na hapo ndipo pa kuanzia. Dalili moja peke yake mara nyingi huwa ni Bacterium, ambayo aina zake nyingi hulipwa kidogo. Dalili tatu au zaidi huashiria kwamba kuna kitu cha ziada. Kisha tazama aina ya sayari, joto na angahewa: Stratum Tectonicas hupenda sayari zenye metali nyingi, zenye joto linalozidi Kelvini 165. Sayari ya namna hiyo yenye angahewa nyembamba ya hewa ukaa au amonia na dalili nne, hata ukiikuta kando ya nyota duni ya M ambayo wengine wameiruka bila kugeuka, iendee. Ukimaliza kurusha vichunguzi utaambiwa jenasi zilizopo, na hapo una nafasi ya mwisho ya kuondoka kabla hujatua. Itumie. Mimi nimeondoka baada ya vichunguzi mara nyingi kuliko nilivyotua.

Ukishaamua kutua, ramani ya DSS itakupaka rangi sehemu ambazo kila kiumbe kinaweza kuishi. Chagua mpaka ambapo rangi za viumbe wawili hukutana, na pawe upande wenye mchana, kwa kuwa kutafuta mimea gizani kwa taa za chombo ni adhabu. Kwa kila aina unahitaji sampuli tatu, na kati ya sampuli moja na nyingine lazima kuwe na umbali usiopungua kiwango chake: mita 150 kwa Aleoida, mita 200 kwa Tussock, mita 500 kwa Stratum na Bacterium, mita 800 kwa Osseus, na mita 1,000 kwa Electricae. Stratum hulala chini kama ukoko wa wali uliokauka kwenye sufuria, bapa na wenye mabaka, kwa hiyo ukitembea kwa miguu unaweza kupita hatua chache kando yake usiione. Kutoka juu, chombo kikiwa kwenye mita mia moja hivi, mabaka yake hujitenga na udongo waziwazi. Ndiyo sababu mimi huchukua sampuli ya kwanza kwa miguu, narudi kwenye chombo, naruka chini chini kwa sekunde ishirini, natua tena. Anayekimbia mita 500 kwa miguu mara mbili kwa kila kiumbe hutumia muda maradufu.

Chombo, kwa ufupi

Chombo chochote chepesi chenye mruko mrefu kinatosha. Diamondback Explorer ni rahisi kwa anayeanza, Asp Explorer ina kioo kipana cha kutazamia, Krait Phantom na Mandalay ni za starehe zaidi. Mpelekee mhandisi Felicity Farseer, aliyeko Deciat, FSD yako aiongezee umbali, na uongeze kifaa cha Guardian kinachosaidia FSD. Beba kichota mafuta kikubwa kadiri nafasi inavyoruhusu, skana ya DSS, kifaa cha kujitengeneza, na ngao hata kama ni ndogo. Ngao hiyo usiiondoe kwa ajili ya kupunguza uzito. Sababu yake naieleza hapa chini.

Kurudi na kuuza

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Data uliyokusanya si yako hadi uiuze: chombo kikilipuka, kila mfumo uliouchunguza tangu mauzo ya mwisho hupotea, na jina la mgunduzi wa kwanza huandikwa kwa yule anayeuza kwanza, hata kama wewe ulipita hapo miezi miwili kabla yake. Kwa hiyo kuuza nako ni sehemu ya mkakati wa kuchagua. Niliwahi kupoteza kazi ya wiki tatu kwa kushuka kwenye sayari yenye mvutano wa karibu mara tatu ya ule wa Dunia. Sikuwa na ngao, nilitazama mandhari badala ya kipimo cha mwinuko, na chombo kiligonga ardhi kwa tumbo kabla sijanyanyua pua yake. Tangu siku hiyo nimeweka kikomo cha mvutano pia: sayari inayozidi g 1.5 sitii mguu ikiwa nina data ambayo haijauzwa. Zipo sayari katika mchezo huu, kama Achenar 3, ambazo mvutano wake hupita g 6, na hizo ni za kuendewa na chombo kitupu kwa makusudi maalumu.

Panga vituo vya kuuzia kabla ya kuondoka. Colonia ina vituo kamili. Kwingineko, tangu meli kubwa za wachezaji zilipoanza Juni 2020, nyingi zimetia nanga katika pembe za mbali za galaksi zikiwa na ofisi za Universal Cartographics, inayonunua data za ramani, na Vista Genomics. Mwenye meli huchukua sehemu ya malipo ya ramani zako, na ni halali yake, kwa maana anakulinda dhidi ya hasara kubwa zaidi. Mimi huuza kila nikipita karibu na meli ya namna hiyo ndani ya miaka ya nuru 2,000 kutoka njia yangu, na kila ninapokuwa nimepata sampuli za viumbe watano wa thamani ya juu, hata kama nalazimika kugeuza chombo.

Kwa safari ya kwanza, usiende Beagle Point. Toka miaka ya nuru 2,000 nje ya maeneo yanayokaliwa, kwa pembe isiyoelekea Sagittarius A* wala Colonia, ukiwa na kikaratasi chenye mistari minne, ujipe mifumo 100 ya daraja d. Kila unaposimama, andika saa uliyosimama, saa uliyoondoka, na ulichopata. Ukirudi kituoni na kuuza, weka daftari hilo kando ya malipo na utafute mstari uliokusimamisha mara nyingi na kukulipa kidogo. Huo ndio wa kubadilisha kabla ya kuondoka tena. Katika daftari langu ulikuwa mstari wa pili: sayari za amonia zilikuwa zimenila saa sita kwa malipo ambayo Stratum moja huyapita, kwa hiyo nimezifuta, na mahali pake nimeandika nyota za M zilizo na sayari tatu au zaidi zenye metali nyingi na angahewa nyembamba.